Kuitia Saa Ufunguo Siku ya Sabato

Wenzangu mliokulia huku Gusii miaka ya tisini, mnakumbuka vile kila kijana alitaka ile saa nyeusi ya plastiki yenye taa? Mimi na dada yangu Moraa tulipotelea kwingine. Tulikusanya saa ndogo za kike za zamani, zile za kutia ufunguo, zenye uso mdogo kama punje ya hindi. Tulizipata katika soko la Daraja Mbili kwa wauza mitumba, zimechanganyika na vifungo na miwani isiyo na vioo. Wavulana walituuliza, "Hiyo ni ya kuvalisha panzi?"

Hawakujua utamu wake. Saa kama hiyo huitazami tu. Unaiweka sikioni, unafumba macho, na kama imenyamaza unaishika kiganjani ipate joto. Kisha unazungusha kile kichwa cha pembeni kwa vidole viwili, taratibu, mpaka kikatae. Usilazimishe. Ikianza kusema, utadhani umeamsha kifaranga.

Iliyozidi zote kwa uzuri, ya rangi ya dhahabu, tulipewa na shangazi kutoka Nyamira, kwa sharti: "Nikija Jumamosi baada ya kanisa, niikute inatembea. La sivyo, narudi nayo."

Sasa, kwetu Wasabato Ijumaa ilikuwa mbio. Kupika, kuoga, kung'arisha viatu, yote kabla jua halijazama. Tukaisahau. Asubuhi ya Sabato tuliikuta imenyamaza, na nyanya hakuruhusu kazi yoyote siku hiyo.

"Nyanya, kuitia ufunguo si kazi," Moraa akasihi.

"Ni nini basi?"

"Ni kulisha. Mbona ng'ombe amekula leo?"

"Ng'ombe hutoa maziwa. Hiyo inatoa nini?"

"Inatukumbusha tusichelewe kanisani."

Nyanya akamtazama mama. Mama akajifanya anatafuta kitambaa chake cha kichwa.

"Lete hapa," nyanya akasema. "Nitailisha mimi. Nyinyi mtaivimbisha tumbo."

Vidole vyake, vilivyoingia weusi wa kuchuma majani chai, vilizungusha kile kichwa polepole kama vya mtu anayempa mtoto uji.

Alasiri shangazi aliiweka sikioni, akatabasamu. "Kumbe mmeitunza."

"Imeshiba," nyanya akajibu kabla yetu.

Leo simu za wanangu hujiweka sawa zenyewe, na bado wanachelewa kila mahali. Siwalaumu. Kwetu sisi kila siku kulikuwa na kitu kidogo ambacho hakingeweza kuendelea bila vidole vyetu. Siku hizi vitu vya nyumbani huamka kabla yetu, wala havitungoji.