Chupa Isiyo na Chumvi

Mrenda usio na chumvi hauliki. Mboga hiyo inateleza tu kooni, na mtu anabaki akitazama sahani bila hamu. Nyumbani kwetu Kabuchai, Bungoma, tuliula hivyo baada ya daktari kumwambia mama kwamba presha yake imepanda mno, na kwamba chumvi itamuua. Mama alimsikiliza kwa siku chache. Halafu nikamkuta jikoni akilamba chumvi kiganjani, mgongo ameupa mlango.

Mimi niligomba. Kugomba ndiyo kazi yangu, kila mtu kwetu anajua. Kaka yangu hakugomba. Alichukua kopo la chumvi akalipeleka kwa jirani, akarudi, akaketi karibu na mama.

"Mama, kuanzia leo tunakula sawa. Ukionja, na mimi nimeonja. Ukiacha, nimeacha."

Mama akacheka, kisha akalia. Na kweli aliacha. Kliniki wakampima na kumpima, presha ikawa inashuka.

Shida ni kwamba kaka alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu. Alikaa Kitale, chumba kimoja na wakimbiaji wenzake, na mimi nilikuwa nikishona sare za shule mji huo huo, kwa hiyo nilimwona karibu kila siku. Walikuwa wakipanda vilima vya kule Kachibora na kurudi na fulana zimekauka mgongoni, zina michirizi myeupe ya chumvi ya jasho. Vile vinywaji vya rangi vya dukani viliwashinda bei, basi wenzake walijichanganyia chao: maji, sukari, ndimu na chumvi kidogo, kwenye chupa kuukuu ya soda. Kaka alichanganya yake kando. Sukari na ndimu, basi. Hata mboga alijipakulia kabla wenzake hawajatia chumvi.

"Si mathako yuko Bungoma, bana," mmoja wao alimwambia, akimtaja mama. "Hakuoni."

"Ataniuliza," kaka akajibu.

Na alimuuliza kweli. Kila Jumapili baada ya kanisa mama alipiga simu, na kabla ya salamu kuisha: umekula chumvi? Kaka hakujua kumdanganya mama. Mimi nilimwambia wazi kwamba jasho lake si presha ya mama, kwamba mwili wake unamwaga kile ambacho wa mama umejaza.

"Nikionja atanijua kwa sauti tu," akasema. "Naye ataanza tena. Sasa unataka nizike mama?"

Nikamwita mjinga.

Mbio zenyewe zilikuwa Bungoma, na jua la Bungoma si la Kitale. Misuli ilikuwa imeanza kumkaza mazoezini, naye akaamua dawa ni maji. Kila meza ya maji barabarani, mpaka Mabanga na kurudi, alisimama akanywa, akabeba mengine. Mimi na mama tulimngoja mwishoni, mama amevaa sare yake ya akina mama wa kanisa. Kaka alimaliza katikati ya kundi. Vidole vilikuwa vimevimba, hata kukunja ngumi hawezi. Akanitazama akaniuliza, "Baba amefika?"

Baba tulimzika zamani.

Akaanguka. Watu wakatuzunguka wakipiga kelele, "Mpeni maji! Ati hamuoni jua limemmaliza? Mpeni maji!" Mama akakipakata kichwa chake, akamwekea chupa mdomoni. Kaka akanywa, kwa sababu anayempa ni mama. Akatapika. Mama akampa tena. Mwili ukaanza kumtetemeka, na tukamkimbiza hospitali.

Alikufa kabla ya jua kuzama. Daktari alinieleza mimi peke yangu, kwenye ukumbi, mama akiwa ndani na maiti. Maji mengi mno, chumvi kidogo mno. Ubongo ulikuwa umevimba kwa maji.

"Ni kiu," mama aliwaambia waombolezaji. "Mwanangu ameuawa na kiu." Nikanyamaza. Mimi, wa kugomba! Nilitaka kupasua kitu. Lakini ningemwambiaje mama yangu ukweli ule, akae nao?

Nilihamia nyumbani. Mama akanunua pipa dogo lenye mfereji, akaliweka langoni, akawa analijaza maji kila jioni kwa ajili ya wakimbiaji na yeyote apitaye. Asife mtoto wa mtu tena, alisema. Nami kila asubuhi kabla hajaamka nilitia humo sukari, ndimu na chumvi niliyoificha kwenye mfuko wa cherehani. Usiku nilikula naye mrenda mtupu, mahali pa kaka.

Asubuhi moja aliamka mapema, akakinga kikombe, akanywa.

"Hii ina chumvi."

"Ndiyo, mama."

"Mkimbiaji anatiliwa chumvi ya nini?"

Nikamweleza. Habari ya jasho, ya chupa za wenzake, ya alichosema daktari. Nilifika pale alipoanguka, nikakomea hapo.

"Na yale maji nilimpa?"

Nikaangalia chini. Nilitamani aniulize mara ya pili ili nipate kukana, lakini hakuuliza. Alimwaga yaliyobaki kikombeni, akavuka kwenda kwa jirani, akarudi na kopo letu.

Jioni alipika mrenda kwenye vyungu viwili. Akaniwekea kimoja mbele, na kopo kando yake.

"Tia," akasema. "Changu nitakula peke yangu."

Nikatia. Alinitazama mpaka nikamaliza.