Tenki la Zuzu na Namba ya Fundi

Nilipewa kazi ya kuandika programu ya kuendesha pampu ya maji ya kijiji kimoja upande wa Zuzu. Kwenye tenki kulikuwa na kifaa cha kupimia, kilichotengenezwa na fundi mmoja wa Kizota. Programu yangu ilikiuliza kifaa hicho kupitia API yake, yaani mlango wa programu kuzungumza nacho, ikapewa namba, kisha ikaamua: maji yakipungua iwashe pampu, yakijaa izime. Maelezo ya API yalikuwa karatasi moja, na kuhusu namba hiyo yalisema tu: "kiwango, sentimita." Nikaona yanatosha.

Siku ya pili baada ya mfumo kuwashwa, mlinzi wa pampu, mzee mpole sana, alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za kazi na za wazazi, ndipo akasema maji yanamwagika tangu alfajiri. Nikatazama kompyuta. Ilionyesha sentimita nne. Nikamweleza kwa heshima kwamba, kwa mujibu wa mfumo, tenki ni tupu.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimesimama kwenye matope."

Nikamwomba azime pampu kwa mkono. Watu wakateka mpaka tenki likakauka, na mzee alipoirudisha pampu kwenye mfumo, ikagoma kuwaka, maana mfumo uliamini limejaa. Siku mbili nikapekua programu yangu mstari kwa mstari, nikaandika upya hata sehemu zisizokuwa na kosa.

Siku iliyofuata nikaenda Kizota. Fundi alikuwa akichomelea geti. Nikamuuliza ile namba ni ya nini.

"Kile hakipimi maji, dada," akasema. "Kiko kwenye mfuniko. Kinapima nafasi iliyobaki wazi."

Nikamuuliza kwa nini hakuandika hivyo. Akanitazama kwa huruma, akasema kila mtu anaona kiko juu. Mimi sikuwa nimekiona. Programu nzima niliiandika ofisini mjini.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja: kutoa namba ya fundi kwenye kimo cha tenki. Nikaenda Zuzu kuhakikisha. Tenki lilipojaa pampu ikazima yenyewe, na mzee akatabasamu. Lakini mama mmoja jirani alikuwa ameshapanda miche ya sukuma wiki pale maji yalipokuwa yakimwagika, akataka kujua nani ameyakata. Mzee akanyoosha kidole kwangu. Nikamwomba mama yule radhi, nikamsaidia kuihamishia miche karibu na bomba la kutekea, kazi iliyochukua muda mrefu kuliko kurekebisha programu.