Koti la Mjomba na Shimo la Jasi

Jamani, nichekeni mapema mmalize, maana siku hizi hata mimi nacheka, ingawa mwaka ule nilitamani nihamie mahali wasiponijua hata kwa jina. Kule kijijini kwetu, upande wa Pande, mtu akitaka kunichokoza hasemi neno, analala tu chali akatanua mikono na miguu, na wote wanaangua kicheko.

Ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa, kazi ni ya wote na mvivu anajulikana nyumba kwa nyumba. Nyuma ya kijiji kulikuwa na shimo waliloliacha wachimba jasi wa wakati wa mkoloni, jeupe pee, halioti kitu, mbuzi wanatumbukia humo, na nyasi za kuezekea tunazifuata mbali wakati zamani zilikuwa hapo hapo. Tukakubaliana tulifukie na kulirudishia nyasi zake za asili, kila mtu alete kikapu cha mbegu alizopukuchua porini kwa mkono wake. Msimamizi alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Likwata, na huyo Mzee Likwata (hapa ndipo roho yangu ilipokuwa) ndiye baba yake Somoe. Posa yangu alikuwa ameipokea ila jibu hajatoa. Alimwambia mjomba wangu, aliyekuwa mshenga, "Kwanza nimwone kazini. Binti yangu simpi mvivu."

Sasa mimi na kupukuchua nyasi wapi na wapi! Vidole vinawaka, na mbegu zenyewe zina mkia mrefu na ncha kama sindano, ukipita tu zimekuganda. Nikajisemea, kama zinaganda zenyewe, najitesea nini? Mjomba alikuwa na koti refu la sufu alilorudi nalo kutoka vitani. Nikaliazima, nikalivaa kifua wazi (shati langu la pekee lilikuwa kambani linakauka), nikaenda porini nikajigaragaza kama punda, nikainuka nimejaa mbegu kuanzia nywele mpaka msuli niliojifunga kiunoni, najiona profesa.

Kuzitoa sasa! Zimeingia, hazitoki, na watu wameshaelekea shimoni. Nikaenda nalo hivyo hivyo, koti la sufu kwenye jua la saa sita.

"Bakari, koti la nini?" akauliza Mzee Likwata.

"Homa, mzee." (Neno hilo moja ndilo lililoniponza.)

Kumbe huruma anayo. Akaniketisha kando, nisishike jembe. Mkewe, ambaye kwa adabu zetu hata kumtazama usoni sikutakiwa, akaona jasho linavyonitiririka, akasema, "Masikini, mtoto wa watu anaungua!" Kabla sijafungua mdomo, akanimwagia ndoo nzima ya maji.

Mbegu zile zikipata maji, mikia yake hujisokota, ndivyo zinavyojichimbia ardhini. Siku hiyo ardhi ilikuwa mimi. Zikaanza kunitoboa mgongoni, kwapani na kwingine nisikotaja. Nikapiga yowe, nikaruka, wengine wakadhani nimepandisha mashetani, na mzee mmoja akaanza kunisomea. Vifungo vimelowa, havifunguki! Nikajitupa shimoni kwenye udongo laini uliofukiwa, nikalala chali, nikajisugua kwa mikono na miguu mpaka koti likatoka, na msuli nao ukaamua kufuatana nalo. Nikasimama mweupe kama nimechovywa kwenye unga, mbele ya mama mkwe.

Yeye alishajifunika kanga uso mzima. Mabega ya Somoe yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Mzee Likwata akamgeukia mjomba, "Ndiye huyu?"

"Mzee," mjomba akajibu, "mimi hata koti hilo silijui."

Nilijua posa imekufa, na sioni haya kusema nililia.

Mvua zikaja. Mbegu walizomwaga wenzangu juu juu zilikuwa zimeshabebwa na chungu na ndege, shimo likabaki jeupe vile vile, isipokuwa mahali pamoja. Mzee Likwata akaniita huko, mjomba nyuma yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lala hapo."

Nikalala. Nyasi changa zilikuwa zimeota kwa umbo la mtu, kichwa, mikono na miguu, nami nikaenea humo barabara. Mzee akanizunguka, akatikisa kichwa.

"Posa nimekubali," akasema. "Mahari yangu ni shimo lote. Ajigaragaze mpaka liishe."

Mjomba akadakia, "Na koti ni langu, mzee!"

Nililimaliza, misimu kadhaa, na leo mbuzi wa kijiji wanakula nyasi juu ya mgongo wangu, naweza kusema. Ila kitu kimoja nimeapa: sitamki tena kwamba nina homa. Hata malaria ikinishika kweli kweli nabana meno na kutabasamu, maana Somoe akinigusa tu akahisi joto, huinuka na kuuliza, "Nimwite mama aje na ndoo?"