Aluru wa Okello na Nzige Waliokuwa Wanaruka

Naona aibu hata kuanza, lakini nyinyi mnaniita Aluru Kaptula kila nikipita na wala hamjui jina lilikotoka, kwa hiyo acheni nilieleze mwenyewe, na mwenye kucheka acheke mapema, maana huko mbele hapachekeshi.

Ilikuwa miaka ile ya vita, nami kijana ninayekagua kidevu kila asubuhi kama ndevu zimeota, nikikaa hapa kijijini Kwapa kwa mjomba, kaka yake mama. Mwanawe wa pekee, Okello, alikuwa ameingizwa jeshini akavushwa bahari mpaka Burma, na alichomwachia baba yake ni ndege mmoja. Aluru. Yule kware mdogo wa nyasini, mnamjua, anayetiwa kwenye kitundu na kupandishwa juu ya mti mrefu alfajiri ili aite wenzake washuke wanaswe na mitego iliyotegwa chini. Okello alimfuga tangu kifaranga akamwita Saa, kwa kuwa hakukosea wakati wa kuita, na siku ya kuondoka alisema, "Baba, chunga hii ndege. Nikirudi nataka kusikia yeye naita." Tangu siku hiyo mjomba hakuruhusu mtu kugusa kile kitundu (mkewe alisema ndege anaulizwa habari za usingizi kuliko yeye, lakini hayo ni ya nyumba ya watu).

Habari za Okello zikakatika. Mjomba akavumilia, akachoka, akaamua kwenda Tororo kuuliza serikalini, na kwa kuwa angelala huko, ndege akaniachia mimi.

"Patia yeye punje ya wimbi na maji," alisema. "Basi. Usilete ufundi."

Mimi tena na ufundi! Nilimwona Saa amepoa, nikajiambia anataka kitu kitamu, maana kila mtu hapa anajua aluru akila wadudu hai sauti inafunguka. Kwa kawaida tunamchimbia mchwa, ila ardhi ilikuwa kavu na mchwa wamezama chini kabisa, na nzige walikuwa tele ng'ambo ya kijito, wale wachanga wasio na mabawa, wanatembea kama wanakwenda sokoni. Watu wa serikali walikuwa wamewamwagia pumba zenye dawa. Barazani tuliambiwa tusilishe ng'ombe upande ule na tusiokote nzige wake, nami nilikuwapo barazani, tena mstari wa mbele, sikusinzia. Lakini akili yangu (ndiyo hiyo hiyo niliyo nayo mpaka leo) ikaniambia kwamba aliyekula dawa ameshakufa, na anayeruka hajaigusa. Nikawaacha waliolala, nikachagua wenye nguvu, wale wanaokupiga mateke kiganjani. Saa aliwapokea mmoja baada ya mwingine, nami nikasimama pale najivuna.

Jioni alijikunja, manyoya yamemsimama, anakunywa maji tu. Asubuhi nilimkuta chali.

Mtu mwenye akili angekwenda kumpokea mjomba njiani amwambie. Mimi nilikuwa bado natafuta maneno aliporudi, na hakuniambia alichojibiwa Tororo, alikaa kwenye kigoda na vumbi lake la safari, akasema kesho tutege, wimbi limeshavunwa, majirani waitwe wote. "Nataka kusikia Saa," akasema. Maneno yangu yote yakarudi tumboni. Nikamfunga marehemu kwa uzi kwenye kijiti cha ndani ya kitundu, akasimama vizuri kuliko alipokuwa mgonjwa.

Alfajiri, kabla hakujaonekana vizuri, nilipandisha kitundu mwenyewe, nikaaga kwamba tumbo linanisokota, nikazunguka, nikatambaa mpaka chini ya ule mti nikalala kwenye nyasi. Kuiga sauti ya aluru nilijifunza machungani. Nikaanza kupiga mluzi, pit-pii, pit-pii, na watu waliosimama pembeni wakanyamaza.

Nikamsikia mjomba. "Mnasikia? Okello iko. Ndege yake naita namna hii, yeye hawezi kuwa amekufa."

Jamani. Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Nyasi zilinifunika lakini nilimwona amevua kofia, anaangalia juu, na midomo yangu ilikuwa imekauka kabisa, lakini ningeachaje? Niliona nikinyamaza nimemuua Okello kwa mdomo wangu. Nikaendelea kuita, tena kwa bidii, na aluru wa kweli wakaanza kushuka, na watu wakaanza kusogea polepole kuwaswagia kwenye mitego, mpaka jirani yetu Mama Nyakecho akanikanyaga mgongoni kwa miguu yote miwili.

"Uuwi! Kujeni muone! Hii aluru iko na kaptula!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mjomba hakucheka. Alishusha kitundu kutoka mtini, akakifungua, akamgusa Saa kwa kidole, akauona uzi. Kicheko kikazimika chenyewe.

"Ulipatia yeye nini?"

"Nzige, mjomba."

"Nzige ya dawa?"

"Ilikuwa mzima, mjomba. Ilikuwa naruka."

Alikifunga kitundu. "Hata mimi unaona natembea," akasema. Kisha akanipa kitundu nikishike. "Okello akirudi, wewe utasema kwake."

Sikumwelewa mpaka mkewe aliponiambia baadaye, analia, kwamba kule Tororo walimjibu kijana hajulikani alipo na hakuna anayejua zaidi.

Leo nafuga kuku, na hawali mdudu nisiyemchimba mwenyewe kwenye udongo wangu, hata awe anaruka mpaka kwenye paa. Wajukuu wananiona mkorofi. Mjomba alikufa bila kunikumbusha habari ile hata mara moja, na ingekuwa nafuu kama angenichapa. Kitundu ninacho. Miaka mingi nilikuwa nikiona mtu mwenye koti la jeshi anatokea njia ya Tororo, ninasimama, ninajipanga namna ya kumwambia. Okello hakurudi.