Mshauri wa Jumanne

Mshauri nasaha wa pale mjini Logan huvua viatu mlangoni kama wateja wake Wasamoa, wahamiaji kutoka visiwani, na saa ya mezani huielekeza kwa mteja aione. Mikono yake hukaa mapajani, haina kalamu. Lupe alikuwa amemzoea, hadi Jumanne ile mshauri alipomwita Tavita, jina la kiume ambalo Lupe aliliacha alipoanza kuishi kama mwanamke, baada ya kulisoma kwenye barua ya daktari.

"Nimekuita jina lisilo lako. Limekuuma?"

"Hamna neno, mama."

Mshauri hakujitetea. Alingoja tu, mikono mapajani.

"Basi, limeniuma! Hata wewe unaniita hivyo?"

"Hata mimi nimekosea. Samahani, Lupe."

Jumapili, familia ilipokaa kula baada ya kanisa, mjomba wake Lupe akasema, "We Tavita, lete magimbi."

Lupe akaleta bakuli la magimbi, akaliweka chini. "Mjomba, jina hilo linaniuma."

Akaketi, akangoja, mikono mapajani.