Lifti ya Istanbul

Juzi nilipanga foleni katika ofisi ya mawakala wa safari hapa Voi. Mbele yangu mzee mmoja mstaafu na mkewe, watu wa Mbololo, walikuwa wakipanga likizo ya Istanbul. Karani akawaonyesha picha ya hoteli.

"Hiyo hapana," mzee akadakia. "Lifti yake hukwama."

Mama akamgeukia polepole. "Baba watoto, umejuaje?"

"Nilisoma kwa mtandao."

"Kwa hiyo kabambe yako isiyo na intaneti? Ama ile semina ya Kisumu ilikuwa huko?"

Mzee akapangusa kipara. Mama akamwambia karani, "Tutafutie Kairo. Nataka mji ambamo sote wawili tutapotea."

"Kairo ni sawa kabisa!" mzee akasema, uso umemchangamka.

Mama akamkazia macho. Wasomaji, mume akikubali upesi hivyo, hata mimi ningeomba kuiona pasipoti yake.