Safari ya Ekerenyo Kumfuata Mama Nyaboke

Nilikwenda Ekerenyo kumrudisha mke wangu, Kemunto. Binti yetu wa pekee, Nyaboke, alikufa kwa surua akiwa na miaka mitatu. Mchungaji alipotaja utukufu wa Mungu pale kaburini, nilimwambia mbele ya watu wote anionyeshe uko wapi. Kisha nikapiga marufuku sala nyumbani kwangu. Kemunto alivumilia wiki mbili, akafunga nguo zake akaenda kwao Ekerenyo. Simlaumu. Hasira hasara, nami hasara niliipata yote.

Alhamisi asubuhi nilifunika cherehani yangu pale soko la Daraja Mbili, Kisii, nikapanda basi. Mvua ilitunyeshea njia nzima. Tulipopita Nyamira basi lilizama kwenye tope, tukashuka kulisukuma, likakataa katakata. Nikamaliza safari kwa miguu, viatu mkononi, kati ya migomba na mashamba ya chai.

Jioni nilifika. Baba mkwe alinipokea kwa upole. "Karibu, mwanangu. Mvua imekuonea." Mama mkwe sikumwona. Kwetu Wakisii mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mkono wala hawakai chumba kimoja, kwa hiyo alibaki jikoni, ukuta wa udongo ukatutenga. Kemunto aliniletea maji ya kunawa bila kunitazama usoni. Iliniuma sana.

Ijumaa kutwa watu wale, Wasabato kindakindaki, walijiandaa kwa Sabato. Walisaga wimbi, wakachota maji, wakapasua kuni. Mimi nilijipendekeza kwa kuchuma chai.

"Baba Nyaboke, hayo ni magumu, kiwandani watayakataa," Kemunto akasema. "Chuma majani mawili na kichipukizi tu." Ndiyo maneno pekee aliyoniambia siku nzima.

Jua lilipokaribia kuzama, baba mkwe aliniomba nifungue Sabato kwa sala.

"Mzee, sina la kushukuru," nilijibu.

Nilijua nimempoteza mke wangu. Ndipo sauti ya mama mkwe ikasikika nyuma ya ukuta. Hakunisemesha mimi, alimsemesha Mungu. Alishukuru kwa unga uliotosha, kwa kuni kavu katika mvua hii, kwa mkwe aliyechuma chai, ingawa vibaya. Kisha akasema, "Na kwa Nyaboke, Baba. Kwa kila asubuhi aliyomwaga uji. Asante."

Nililia mbele ya baba mkwe, jambo la aibu kwa mwanamume. Tangu msiba nilikuwa naikumbuka siku moja tu, ile ya kifo.

Jumapili asubuhi Kemunto alinifuata uani. "Tukirudi, utakataza sala tena?"

"Sitakataza. Lakini kuomba bado siwezi."

"Basi wewe nyamaza. Nitaomba mimi." Akaingia ndani kuchukua mzigo wake.

Tulirudi Kisii. Sikupona siku ile, na hata leo sijapona. Ila nilijifunza kwamba utukufu niliodai kuonyeshwa kaburini ulikaa mezani kwangu miaka mitatu, mdomo umejaa uji, nami nikiukemea, "We mtoto, angalia, unamwaga!"